Mtoto Asiyekula Nyama Anapoanza Kituo: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Fomu ya kumwandikisha mtoto kwenye kituo cha kulelea watoto mchana huwa na mstari mmoja tu wa chakula, na wazazi wengi huandika hapo "hali nyama" wakaendelea na mengine. Mlezi akisoma hivyo anajua cha kuondoa kwenye sahani. Cha kuweka badala yake hajaambiwa. Kwa mtoto wa miezi saba au kumi hilo ni jambo zito, maana tumbo lake ni dogo na vijiko anavyokula kwa siku vinahesabika. Wenzake wakila viazi, karoti na nyama, yeye akabakiwa na viazi na karoti, atashiba vizuri tu, lakini hatakuwa amepata anachohitaji.

Kwa hiyo kabla ya kununua chupa na bakuli, andika karatasi yenye vyakula kwa majina. Mayai anakula? Mtindi je, jibini, samaki? Mchuzi uliopikiwa nyama unaruhusiwa nyama ikitolewa, au hauruhusiwi kabisa? Sababu zenu, ziwe za imani au za afya, si lazima uzieleze. Ila karatasi yenyewe iwe wazi kiasi kwamba hata mlezi wa zamu aliyekuja leo tu kumshikia mwenzake ataweza kuifuata bila kukupigia simu.

Sehemu ya karatasi hiyo ninayoomba uiandike kwa makini kuliko zote ni ya madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba yake, na anapofika miezi 6 akiba hiyo imepungua sana, huku maziwa ya mama yakiwa na chuma kidogo. Kwa viwango vya Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 kwa siku, wakati mwanamume mzima anahitaji 8. Chuma cha mimea hakifyonzwi kwa urahisi kama cha nyama, lakini kikiliwa pamoja na vitamini C hufyonzwa vizuri zaidi. Ndiyo maana napenda dengu. Zinachemshwa hadi zipondeke kwa mgongo wa kijiko, zinatiwa kijiko kidogo cha mafuta, kisha zikishaepuliwa na kupoa kidogo zinakamuliwa juisi ya chungwa. Juisi isipikwe pamoja nazo, kwa sababu moto hupunguza vitamini C. Mlezi akielezwa sababu hiyo mara moja, hatakuwa anaiona juisi kama pambo tu. Maharage, soya, tofu na uji wa nafaka ulioongezewa madini ya chuma hufanya kazi hiyohiyo. Kwa huo uji, soma maelezo ya pakiti, maana si kila unga umeongezewa. Chai asipewe kabisa, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Mchicha nao usitegemewe peke yake kama watu wanavyoutegemea: chuma chake hakifyonzwi kwa urahisi, na kalisi yake imeshikwa na tindikali iliyomo humohumo, hivyo mwili hupata kidogo tu.

Kama daktari ameandika matone ya chuma, ushauri wangu ni kuyatoa nyumbani na kuyaacha nyumbani. Yakisafiri kwenye begi, siku moja mzazi atatoa na mlezi atatoa, na chuma kikizidi ni sumu kali kwa mtoto mdogo. Chupa yake ikae juu, mbali na mikono ya watoto.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023, unaohusu watoto wa miezi 6 hadi 23, unataka mtoto apate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, mayai yakiwemo. Familia inayokula mayai na maziwa ina njia nyepesi hapo. Familia isiyokula hata mayai na maziwa inapaswa kuonana na mtaalamu wa lishe au daktari kabla mtoto hajaanza kituo, kwa sababu vitamini B12 haipatikani ya kutegemewa kwenye mimea. Itatoka kwenye vyakula vilivyoongezewa au kwenye matone. Mama anayenyonyesha naye akiwa hali chochote cha mnyama, aangaliwe pia, maana mtoto hupata B12 kupitia kwake. Upungufu wake huumiza ubongo na mishipa ya fahamu. Mlezi ndiye anaweza kuwa wa kwanza kuona dalili: mtoto amelegea, anakataa chakula, au alikuwa ameshaanza kukaa mwenyewe na sasa hakai tena. Aambiwe kwamba akiona hivyo aseme siku hiyohiyo, hata kama anahofia kumtia mzazi wasiwasi.

Kwenye maziwa, kosa la nia njema hutokea pale yanapoisha kabla ya saa ya kuchukuliwa. Mlezi anamhurumia mtoto, anaona kinywaji cha lozi, shayiri au mchele kwenye jokofu, na kwa kuwa ni cha mimea anadhani kinafaa. Hakifai. Hadi miezi 12 kinywaji chake kikuu ni maziwa ya mama au maziwa ya kopo ya watoto. Yale ya soya yanayotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga yapo, lakini aliye chini ya miezi 6 asianzishiwe bila ushauri wa daktari. Peleka akiba inayozidi siku moja, kila chupa ikiwa na jina na tarehe. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida lisilozidi nyuzi 25, na siku 4 kwenye jokofu. Yaliyobaki kwenye chupa baada ya mtoto kunywa yatumike ndani ya saa 2 au yamwagwe. Kwenye maziwa ya kopo, soma viambato kama familia haili samaki, maana baadhi yana mafuta ya samaki.

Omba pia kuingia jikoni, si kwa kukagua watu, ila uone chakula kinavyopita. Mara nyingi sufuria ni moja: nyama inachemka na mboga, mpishi anachota pembeni, anachambua vipande vya nyama, sahani ya mtoto wako inaonekana safi. Tena mwiko ni uleule. Kama familia haikubali hivyo, leta suluhisho mkononi, kwa mfano kijisufuria na mwiko wenye alama ya rangi, au chakula kilichopikwa nyumbani kikagandishwa kwa vipimo vya mlo mmoja. Vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi vitajwe kwa jina kwenye karatasi, vivyo hivyo jelatini (hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama) iliyomo kwenye baadhi ya peremende na mtindi, mafuta ya wanyama kwenye biskuti, na jibini lililogandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama.

Vyakula vinavyoshika nafasi ya nyama vina hatari zake pia. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili. Yalowekwe angalau saa 5, maji yamwagwe, kisha yachemke kwelikweli kwa dakika 10 au zaidi ndipo moto upunguzwe. Chungu cha umeme cha kupika polepole hakifiki joto la kuiua. Dengu kubwa na maharage yapondwe ili mtoto asipaliwe. Njugu nzima zisitolewe kabla ya miaka 5, na siagi ya karanga ichanganywe kwenye uji au ipakwe nyembamba, isilambwe kwa kijiko. Asali hapana hadi atimize miezi 12.

Karanga, mayai, ufuta na soya mtoto avionje kwanza nyumbani, kimoja kimoja, siku ambayo una muda wa kumwangalia. Kuchelewesha sana nako hakusaidii. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa 2015 ulionyesha kwamba kwa watoto walio katika hatari kubwa, kuanza karanga mapema kulipunguza sana mzio wa karanga. Mtoto mwenye pumu ya ngozi kali au mzio wa mayai aanze kwa mwongozo wa daktari. Uliza pia kama kituo kinakataza karanga, usije ukapanga milo yote juu yake.

Lipo jambo ambalo wazazi hulikwepa: baadhi ya walezi huamini mtoto asiyekula nyama ananyimwa, na anaweza kupewa kipande kwa siri, kwa upendo. Liongee mapema na kwa heshima. Mwambie, "Dada, najua unampenda, ndiyo maana nimeandika hapa anachopata badala ya nyama." Kisha mkubaliane litakalofanyika mtoto akinyakua kipande kwenye sahani ya jirani. Kama hana mzio, tonge moja si dharura. Kinachotakiwa ni kuambiwa ukweli jioni, na mlezi asiyeogopa kugombezwa ndiye atakayesema.

Jioni hiyohiyo, swali la "amekula?" litajibiwa "amekula vizuri", na hutajua kitu. Kwenye daftari lake viandikwe chakula gani, vijiko vingapi, kipi kilibaki. Ukiona siku tatu mfululizo dengu zimebaki na ndizi zimeisha, ongeza dengu kwenye mlo wa nyumbani na mbadilishe upishi wa kituoni. Akiwa anashiba haraka na uzito hauongezeki, punguza nafaka zisizokobolewa, ongeza mafuta, parachichi na siagi ya karanga.

Karatasi ibadilishwe kadiri anavyokua. Miezi 8 au 9 anahitaji vyakula vya kushika mwenyewe na vyenye vipande laini. Akifikisha miezi 12 anaweza kunywa maziwa ya ng'ombe kama familia inayatumia, lakini kiasi kisizidi sana nusu lita kwa siku, maana yanajaza tumbo na kuchukua nafasi ya vyakula vyenye chuma. Akionekana amepauka au anachoka haraka, daktari aombwe kupima damu.