Unaogopa kukosea kwenye gofu? Anza kwa kukosea makusudi

Ninafundisha wanaoanza gofu, na mwanafunzi mpya akija humtazama mikono kabla ya kutazama mkwaju wake. Vidole vimeibana fimbo kama anayening'inia juu ya kisima, mabega yamepanda hadi masikioni, pumzi imezuiwa. Akipiga hivyo, mikono haikunjuki, kichwa kinainuka mapema kuutafuta mpira, na mpira wenyewe umebaki pale pale. Ndipo anasema, "Mimi sina kipaji." Kipaji chake hatujakiona bado. Aliyepiga ni woga.

Sijawahi kuona mtu akipona kwa kuambiwa "usiogope". Fanya hivi.

Hatua ya 1: Anzia shimoni. Wengi hukimbilia fimbo ndefu. Iache kwenye mfuko. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na mpira hauzidi sana milimita 42. Kutoka sentimita 30 utaingiza hata mkono ukitetemeka. Ingiza kumi mfululizo, sogea hadi sentimita 60, kisha mita moja. Ukifika karibu mita mbili na nusu utaanza kukosa. Usinune: kwa umbali huo hata wachezaji wa kulipwa hukosa takriban nusu.

Hatua ya 2: Kosea makusudi. Wanafunzi huicheka hatua hii, na mimi ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Chukua fimbo ya chuma namba 7 na mipira ishirini. Mitano ya kwanza, chimba ardhi nyuma ya mpira. Mitano, gonga utosi wa mpira ubingirike. Mitano, uguse kwa ncha ya kichwa cha fimbo. Mitano ya mwisho, uguse kwa upande ule kichwa cha fimbo kinapoungana na mpini wake. Mkwaju huo huchomoka ubavuni ghafla, kwa hiyo hakikisha hakuna mtu hata mmoja upande huo.

Baada ya hapo kosa lina sura unayoifahamu. Siku likija bila kualikwa utajua, "Aha, nimegonga utosi," badala ya kudhani mchezo wote umeharibika. Tena kuna kichekesho: wengi wakijaribu kukosea, hupiga vizuri. Mikono imelegea, kwa kuwa hawana cha kupoteza. Ishike kumbukumbu ya ulegevu huo.

Hatua ya 3: Jiwekee hesabu yako. Kadi ya alama ikisema shimo ni la mikwaju 4, yaani idadi anayotarajiwa kulimaliza nayo mchezaji stadi, hiyo si hesabu ya anayeanza. Mfumo wa Handikapu wa Dunia, ulioanza mwaka 2020, unaruhusu handikapu (mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake) ya hadi 54, yaani mikwaju 3 ya ziada kwa kila moja ya mashimo 18. Basi 4 ya kadi, kwako ni 7. Iandike kwa kalamu kabla hujaanza kucheza, ili ukimaliza kwa 7 usijione umeshindwa.

Hatua ya 4: Mkwaju wa kwanza, watu wakitazama. Hapa magoti hulegea. Tumia namba 7 ile ile uliyoizoea. Simama nyuma ya mpira, chagua jani au doa lililo hatua moja mbele, kwenye mstari wa unakolenga. Toa pumzi taratibu, jaribu mzungusho mmoja, kisha ingia upige kabla hujahesabu hadi tano. Ukikawia, mikono itaanza kubana tena. Ukipiga hewa, hesabu mkwaju mmoja na urudie.

Na hao wanaotazama? Wanawaza mkwaju wao. Kinachowaudhi ni kusubiri. Sheria inakupa dakika 3 tu za kutafuta mpira uliopotea. Zikiisha, achana nao. Katika mchezo wa kirafiki, ukifika mikwaju kumi kwenye shimo moja, okota mpira uende shimo linalofuata. Hakuna atakayekulaumu.

Hatua ya 5: Hatua kumi za kulalamika. Mkwaju ukiharibika, nung'unika utakavyo kwa hatua kumi za miguu. Ya kumi ikifika, jiulize jambo moja: mkwaju gani mwepesi utautoa mpira mahali pa wazi? Mwezi Aprili 2011, mchezaji wa kulipwa Kevin Na alipiga mikwaju 16 kwenye shimo la mikwaju 4 katika mashindano ya Texas Open, mpira ukigoma kutoka vichakani. Aliendelea kucheza raundi yake hadi mwisho. Oktoba mwaka huohuo alishinda taji lake la kwanza la PGA Tour, mfululizo mkuu wa mashindano ya gofu ya kulipwa Marekani.

Hatua ya 6: Daftari. Baada ya kila raundi andika mkwaju mmoja uliokupendeza na kosa moja lililojirudia. Moja tu, hata kama yalikuwa thelathini. Hilo ndilo utakaloanza nalo kwenye mipira ishirini ya wiki ijayo, kwa makusudi.