Kufunga ndoa nje ya nchi kimyakimya: makaratasi kwanza, tiketi baadaye

Mnapendana, kila mtu ana kazi yake, na mkipiga hesabu ya harusi ya kawaida ya huku Moshi au Arusha mnaona vikao vya kamati, kadi za michango, kicheni pati, sendofu, ndafu, ukumbi, MC, na mkimaliza mnaanza maisha na madeni. Mkaamua bora mpande ndege KIA mkafunge ndoa mbali, wawili tu, mrudi mkiwa mume na mke. Mimi nawaunga mkono kabisa. Ila naomba mshike hili, ndoa ya nje ikiharibika mara nyingi inaharibikia kwenye makaratasi, na hayo makaratasi yanaanzia huku nyumbani, kwa hiyo tiketi iwe kitu cha mwisho kununua.

Swali la kwanza watu wanauliza, je ndoa ya nje inatambulika Tanzania? Ndiyo, inatambulika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa iliyofungwa nje ni halali kama imefuata utaratibu wa nchi ilikofungwa, kila mmoja alikuwa na sifa ya kuoa au kuolewa kwa sheria ya kwao, na wote wawili wameridhia kwa hiari. Halafu kuna kipande ambacho wengi hawakijui: kama hata mmoja wenu ni Mtanzania, wote wawili lazima muwe na sifa kwa sheria yetu pia. Yaani mnapanda ndege na sheria ya nyumbani mnasafiri nayo.

Hapa ndo watu wanaumia. Mwanaume alifunga ndoa ya mke mmoja kanisani, wakashindwana, mke akarudi kwao Rombo, ikapita miaka kumi kila mtu na maisha yake. Huyo bado ana mke. Kutengana sio talaka, barua ya wazee wa ukoo sio talaka, kinachohesabika ni amri ya talaka ya mahakama. Akienda nje ya nchi huko akafunga ndoa nyingine, hata cheti kiwe na mihuri mitano, ile ndoa ni batili, na siku akifariki huyo mke wa pili anajikuta hana pa kusimama kwenye mirathi. Dada zangu, kama mwenzako alishawahi kuoa, iombe hiyo hati ya talaka uishike mkononi uisome, usikubali kuambiwa tu "tulishaachana".

Na kwa ndugu zangu ambao ndoa yao ya kwanza ni ya wake wengi, mjue nchi kama Uingereza haifungishi ndoa kwa mtu ambaye tayari ana mke, haijalishi huku sheria inamruhusu.

Kuhusu wazazi na mahari. Kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo kinasema wazi kwamba ndoa iliyotimiza masharti ya sheria haibatiliki kwa sababu mila za mahari hazikufuatwa. Kwa hiyo wazee wa Kibosho au wa kule Meru wanaweza kukasirika na kudai mbege yao na mbuzi wao, na wana haki ya kuumia, lakini hawawezi kuifuta ndoa. Na mtu mzima wa miaka 18 kwenda juu ridhaa ni yake mwenyewe. Chini ya hapo msithubutu, Mahakama Kuu mwaka 2016 ilishasema vifungu vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia mwaka 2019.

Ila pigeni simu jamani. Kabla picha haijapanda status, mama na baba wasikie kutoka kwenu, hata kama ni dakika tano kabla ya kuingia kwa msajili. Mzazi akiipata habari kwenye grupu la ukoo, hiyo inachukua miaka kupoa.

Tena kama shida yenu ni kamati na michango tu, jueni bomani hapahapa mnaweza kufunga ndoa kwa mashahidi wawili na mkaenda kula chakula cha mchana mkamaliza. Shida yake ni ile notisi ya kusudio la kufunga ndoa, ya siku 21, inatangazwa wazi, na mji wetu mdogo, anapita jirani yenu kafuata shida zake kwa mkuu wa wilaya anasoma majina yenu na jioni Majengo nzima inajua. Ipo leseni maalumu ya kuondoa hizo siku, inaombwa kwa msajili mkuu na sababu iwe ya maana.

Haya, mmeshaamua ni nje. Anzeni na vyeti vya kuzaliwa na pasi za kusafiria, viwekeni mezani pamoja na vitambulisho vya NIDA, msome jina herufi kwa herufi. Cheti kinasema Eliudi, pasi inasema Eliud, NIDA imeandika Eliudy. Hapa nyumbani hakuna anayejali, lakini msajili wa nchi nyingine anaona watu watatu tofauti na anarudisha faili. Angalieni na tarehe ya kuzaliwa, na jina la babu kama lipo kwenye karatasi moja halipo kwenye nyingine. Mkikuta tofauti, sahihisheni kwenye chanzo, kama haiwezekani muda huo basi mkaape kwa wakili kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, ila mwulizeni kwanza msajili wa huko kama hicho kiapo atakipokea. Cheti cha kuzaliwa kiwe cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, maana kuna watu hadi leo wanatembea na kadi ya kliniki au tangazo la hospitali wakidhani ni cheti. Pasi iwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha.

Kinachofuata ni hati ya kuthibitisha kwamba huna pingamizi la ndoa, yaani serikali ya kwenu inasema huyu mtu yuko huru kuoa. Kwa Mtanzania inatoka RITA. Nchi nyingi zinaidai na nyingi hazipokei iliyokaa muda mrefu, utaambiwa isizidi miezi mitatu au sita, kwa hiyo usiichukue mapema sana ukaja kuichukua tena. Aliyefiwa aongeze cheti cha kifo cha mwenzake, aliyeachana aongeze amri ya talaka.

Halafu mihuri. Tanzania haimo kwenye ule mkataba wa apostili ambao nchi wanachama wanapokea karatasi za wenzao kwa muhuri mmoja. Sisi karatasi zetu zinapita Wizara ya Mambo ya Nje kuthibitishwa, kisha ubalozi wa nchi mnayoenda, na balozi nyingi ziko Dar. Kwa mtu wa huku kaskazini hiyo ni safari na ruhusa ya kazini, kwa hiyo kusanyeni kila kitu kwanza mkaenda nazo zote kwa mpigo. Na kama karatasi iko kwa Kiswahili na huko hawasomi Kiswahili, itafsiriwe na mtafsiri anayekubalika na ubalozi husika, tafsiri ya rafiki yako anayejua lugha haitoshi.

Nchi gani sasa? Kenya iko hapo Namanga, au Holili kwa watu wa Moshi, lakini msidhani ni chapchap, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo inataka notisi ya siku 21, na leseni maalumu ipo kwa wenye haraka. Seychelles ndo wengi wanaipenda kwa sababu notisi yao ni fupi, siku 11, na kwa leseni maalumu inapungua zaidi, mnafunga kwenye kisiwa chao cha Mahé na fukwe ziko hapohapo. Abu Dhabi tangu sheria yao ya mwaka 2021 wanafungisha ndoa ya kiraia kwa wageni wasio Waislamu hata kama hawaishi huko. Las Vegas leseni inatoka siku hiyohiyo bila kusubiri, ila visa ya Marekani ndo mlima wenyewe.

Kwa wenye wachumba Ulaya, Denmark ni njia maarufu. Mnaomba kwanza cheti kwenye ofisi yao ya masuala ya familia, Familieretshuset, wanakagua kama ndoa ni ya kweli, mkikubaliwa mna miezi minne ya kufunga. Lazima uwe umeingia kihalali, yaani visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Uingereza ni ndefu zaidi, kuna visa maalumu ya wanaokuja kufunga ndoa tu, unakaa siku saba kabla ya kutoa notisi, notisi yenyewe siku 28 na wanaweza kuivuta hadi 70, na kwa visa hiyo huwezi kubaki.

Kwenye visa msidanganye. Ukiandika utalii na moyoni unaenda kuolewa ubaki hukohuko, wakikubaini utarudishwa uwanjani na rekodi hiyo itakufuata kila ubalozi. Marekani wana visa ya wachumba, mnafunga ndoa ndani ya siku 90 tangu kuingia.

Siku ya ndoa mkishasaini, msiondoke na cheti kimoja. Ombeni nakala kadhaa zilizothibitishwa, na mihuri ya wizara ya nchi hiyo mpige mkiwa bado hukohuko, maana kuifuatilia ukiwa umesharudi nyumbani Sakina ni gharama na usumbufu.

Mkirudi, kama mwenza ni mgeni, cheti cha ndoa peke yake hakimpi ukaazi, nendeni Uhamiaji mkaombe kibali. Sheria ya uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia kwa ndoa, mwanaume mgeni aliyeoa dada yetu hana mlango huo, na uraia pacha kwa mtu mzima hatuna. Ardhi pia, mgeni hamiliki isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo hicho kiwanja cha Usa River mjue mapema kinaandikwa jina la nani.

Wakatoliki mjue ndoa ya serikali peke yake kanisa halihesabu kama ndoa, mkitaka kurudi kwenye sakramenti mwoneni paroko kuhusu kubariki, na Walutheri mwongee na mchungaji wenu. Waislamu msisahau walii na mahari ya nikaha.

Kubadili jina sio lazima, na mkiamua kubadili fanyeni kote pamoja, NIDA, pasi, benki, TIN. Kisha pelekeni nakala ya cheti kazini na kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii mbadilishe majina ya wategemezi wiki hiyohiyo mliyorudi, na cheti halisi kikae mahali pakavu ambapo wote wawili mnapajua.