Kuandika metadata ya vipimo vya barafu ya bahari, hatua kwa hatua

Kifungu cha tatu cha Mkataba wa Antaktika wa 1959 kinataka matokeo ya utafiti yabadilishanwe na yapatikane bure. Faili isiyo na metadata, yaani maelezo kuhusu data zilizomo, haitimizi hilo hata ukiipakia leo hii, kwa sababu hakuna atakayeipata wala kuielewa.

Tuseme una jedwali la vipimo vilivyochukuliwa kwa kutoboa mashimo kwenye barafu ya Bahari ya Ross. Safuwima zake ni “unene”, “theluji”, “tarehe” na “mahali”.

Hatua ya 1: Anza na hifadhi ya data utakayoipelekea

Uliza wanapokea kiwango gani. Wengi hufuata ISO 19115, kiwango cha kimataifa cha metadata za kijiografia. Orodha kuu ya data za Antaktika hutumia DIF, muundo uliotoka NASA. Usijibunie wako.

Hatua ya 2: Ipe kila safuwima jina la pamoja

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo data nyingi nzuri hupotea. “Unene” unaweza kuwa barafu nzima kutoka juu hadi chini, sehemu iliyozama tu, au ile inayochungulia juu ya maji. Kwa kuwa takriban sehemu tisa kati ya kumi za barafu huzama, atakayedhani kimo cha juu ya maji ndicho unene atakosea mara kumi.

Msamiati wa CF (Climate and Forecast), orodha ya majina sanifu ya vipimo vya hali ya hewa na bahari, unazitenganisha: sea_ice_thickness ni barafu nzima, sea_ice_draft ni kina kilicho chini ya maji, sea_ice_freeboard ni kimo kilicho juu yake. Theluji ina jina lake, surface_snow_thickness. Usiijumlishe na barafu. Andika majina haya herufi kwa herufi, na kila moja liwe na kizio chake.

Ukikuta freeboard yenye alama ya kutoa, usiifute. Antaktika theluji huweza kuwa nzito kiasi cha kuizamisha barafu mpaka uso wake ukawa chini ya maji. Litaje jambo hilo kwenye maelezo, asije mtu akalisahihisha.

Hatua ya 3: Chagua maneno ya utafutaji

Tumia orodha ya GCMD, maneno sanifu ya NASA ya sayansi ya dunia, na ushuke ngazi zote: EARTH SCIENCE > CRYOSPHERE > SEA ICE, kisha kipimo chenyewe. Ukiishia CRYOSPHERE, data zako zitachanganyika na za barafu za milimani. Jina la mahali lichukue kwenye orodha ya SCAR, kamati ya kimataifa ya utafiti wa Antaktika, maana huko sehemu moja huweza kuwa na majina kadhaa kutoka nchi mbalimbali.

Hatua ya 4: Mipaka na tarehe

Bahari ya Ross inavuka longitudo ya 180. Mpaka wa magharibi andika 160, wa mashariki -150, hata kama namba ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili. Programu ikizipanga upya, eneo lako litazunguka dunia upande wa pili, nyuzi 310. Lichore kwenye ramani ya EPSG:3031, inayoonyesha Antaktika kutoka juu ya ncha ya kusini, ulione kwa macho.

Tarehe iwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia: 2023-11-03T19:00Z. Kituo cha McMurdo hufuata saa za New Zealand, kwa hiyo shimo lililotobolewa saa mbili asubuhi ya tarehe 4 Novemba kwa UTC bado ni la tarehe 3.

Hatua ya 5: Wahusika na leseni

Weka ORCID (namba ya utambulisho ya mtafiti) ya kila aliyepima, leseni kama CC BY (inayoruhusu kutumia data kwa kumtaja mwenyewe), na uombe DOI, kitambulisho cha kudumu cha data.

Hatua ya 6: Kagua

Programu ya ukaguzi itakuambia kama jina halimo kwenye orodha ya CF. Haitajua kwamba umeweka draft mahali pa unene. Kwa hiyo mpe metadata hiyo mwenzako ambaye hakuwa kwenye barafu, umwombe achore shimo moja: theluji, barafu na usawa wa maji. Swali lolote atakalokuuliza, jibu lake liandike kwenye maelezo kabla ya kupakia.