Namna ya kuongea na mtu mwenye dharau mpaka aikumbuke siku aliyodharauliwa yeye

Nina kibanda cha ushonaji hapa Majengo, Dodoma: vyerehani vinne na wasichana watatu wanaojifunza. Nasikia watu wengi wakisema juu ya mtu mwenye kubagua wenzake, "Naye afanyiwe hivyo hivyo, atakoma." Niliamini hivyo miaka mingi. Siamini tena, na ushahidi ni mimi mwenyewe.

Mimi ni Mgogo wa Mvumi. Nikiwa na miaka 16 nilikwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Katika nyumba ile nilikuwa na kikombe changu cha plastiki, kinakaa chini ya sinki, mbali na vya wenyewe. Wageni wakija waliambiwa washike mikoba yao, maana binti anatoka kwa ombaomba wa Dodoma. Ungedhani aliyekunywa chai kwa machozi hawezi kumtengea mtu mwingine kikombe. Nilimtengea. Nilipofungua kibanda alikuja mwanamke kuomba kazi ya kushona vifungo na kukunja pindo. Mkono wake ulikuwa mzuri sana. Jirani akaninong'oneza kwamba aliwahi kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kazi nilimpa, lakini kila alipokaa nilisogeza mkasi mbali naye, na chai yake niliitia kwenye kikombe cha peke yake, kinatundikwa msumarini. Wiki ya tatu hakurudi.

Shangazi yangu, aliyeijua habari ya Dar, alikuja kunitembelea akakiona kile kikombe. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, kile chako cha Dar kilikuwa rangi gani?"

Kilikuwa cha kijani. Niliishiwa nguvu nikakaa chini.

Miaka yote ile maumivu yangu yalikuwa yamenifundisha jambo moja tu, kuhakikisha safari hii anayetengwa si mimi. Swali la rangi ndilo lililonifanya nimwone yule mwanamke. Tangu siku hiyo nimelitumia kwa wengine, na nitaeleza ninavyofanya.

Kabla ya yote, usichanganye utani na dharau. Mhehe akimwambia Mgogo maneno msibani, Mgogo atayarudisha, na wote watacheka. Ukiona anayesemwa hana ruhusa ya kujibu, hapo pana kazi.

Usimwekee mtu mtego wa kumwaibisha ili aonje. Binti yangu anasoma ualimu Chuo Kikuu cha Dodoma, na alinisimulia habari ya mwalimu wa Marekani, Jane Elliott, wa mji mdogo wa Riceville, Iowa. Martin Luther King Jr., mtetezi wa haki za watu weusi, alipouawa Aprili 1968, mwalimu huyo aliwagawa watoto wa darasa la tatu kwa rangi ya macho. Kundi moja likaambiwa ni bora, jingine likavishwa alama ya kulitambulisha. Siku hiyo hiyo marafiki walianza kuonana si kitu. Baadaye akawageuza, na kwa maelezo yake, waliokuwa wameonja kudharauliwa walipopata zamu ya kuwa juu hawakuwa wakali kama wale wa kwanza. Lakini mwalimu hakuishia kwenye kuonja: aliwaandikisha walichojifunza. Tena walikuwa watoto, na hata hivyo wapo waliomlaumu kwa kuwaumiza. Mtu mzima ukimwaibisha barazani, jioni atatafuta wa kumlipizia, na mara nyingi atakuwa mtoto au dada wa kazi.

Kidonda kipo tayari. Kitafute hicho.

Chagua saa ambayo mikono ina kazi na hakuna watazamaji. Mimi napenda wakati wa kufumua mshono, kwa sababu mnakaa bega kwa bega na macho yako kwenye uzi. Msichana mmoja kati ya hawa wangu alikataa kumpima mteja mwenye ualbino. "Mama, yule mimi simpimi." Nikasema sawa, nikampima mwenyewe. Jioni tulikaa kufumua sketi za shule zilizokosewa, nikamsimulia vikombe vyangu vyote viwili, cha kijani na cha msumarini. Anza na chako, hasa kile kinachokutia aibu. Kisha nikamuuliza, "Wewe lini mtu alikuona si mtu?"

Uliza siku, usiulize maoni. Ukiuliza "unaonaje kuhusu ubaguzi" utapewa hotuba. Halafu nyamaza. Yeye alimaliza upande mzima wa sketi ndipo akaniambia alivyopata ziro kidato cha nne, na kwenye harusi mjomba wake akawatambulisha watoto wote wa ukoo kwa shule zao. Alipofika kwake akaruka, akamtaja anayefuata. Alikuwa amevaa gauni la njano. Ukimwona mtu ametaja gauni, ujue amerudi pale.

Usiseme "basi unaona!" Neno hilo linafunga mlango. Na ukijibiwa "mimi nilivumilia, nao wavumilie," jibu ninalokutana nalo sana, uliza swali jingine: "Nani alikuwepo siku ile angeweza kusema neno, akanyamaza?" Msichana wangu alijibu, "Mama yangu. Alikuwa anaangalia sahani." Sikuongeza kitu.

Binti yangu aliniambia jambo la namna hii lilipimwa Miami, Marekani, utafiti ukatoka mwaka 2016. Watu waligongewa milango wakaongea kama dakika kumi, wakaombwa wakumbuke siku waliyohukumiwa kwa kuwa tofauti. Mazungumzo yalihusu watu waliobadili jinsia, na miezi mitatu baadaye chuki ilikuwa bado imepungua. Hakuna aliyetukanwa ili ajifunze.

Tafadhali, usimwite aliyedharauliwa aje kusimulia machungu yake ili mwenzake afunzwe. Amechoka. Mzigo huo ubebe wewe. Baadaye wape kazi ya kufanya pamoja, yenye faida kwa wote wawili, na wewe mwenye kibanda uonekane unaitaka.

Mteja wetu alirudi kujaribisha gauni siku ya tatu. Yule msichana alichukua tepu kabla sijanyanyuka. "Shikamoo mama. Mkono tuuache hapa au tushushe, jua lisikuunguze?" Wakashusha inchi tatu.

Yule wa Mirembe nilimkuta mwaka jana soko la Sabasaba, anachagua nyanya. Nilimwomba radhi kwa kikombe na kwa mkasi. Akaniitikia "Mbukwa," salamu yetu ya Kigogo, akalipia nyanya zake, akaondoka.