Namna ya kujadili uhamiaji bila kuchanganya mambo

Kabla ya kuchangia mjadala wa uhamiaji, amua kwanza unajadili swali lipi, kwa maana chini ya neno hilo moja kuna maswali matatu: waliohamia ni wangapi, sheria inawapa hadhi gani, na nani anahesabiwa kuwa mwenzetu. Ugomvi mwingi ninaousikia huzuka pale mmoja anapolijibu swali la tatu kwa takwimu za swali la kwanza.

Swali la idadi ndilo jepesi. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2020 wahamiaji wa kimataifa walikuwa milioni 281 hivi, yaani takribani asilimia 3.6 ya watu wote duniani. Ukiletewa tarakimu, uliza kama imehesabu walioingia mwaka huo tu au wote waliopo, wakiwemo waliofika miaka arobaini iliyopita.

Kisheria, usimwite kila mhamiaji mkimbizi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi, uliopanuliwa na Itifaki ya 1967, unamlinda aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Aliyefuata kazi ana haki zake, lakini si hizo.

Swali la tatu ndilo la kukaa nalo. Msikilize kijana aliyezaliwa nchini, mwenye pasipoti ya nchi hiyo, anapoulizwa: "Umetoka wapi hasa?" Mzigo wote umebebwa na hilo "hasa", kwani jibu lake la kwanza limeshakataliwa. Mwanaanthropolojia Fredrik Barth alieleza mwaka 1969 kwamba kinacholidumisha kabila ni mpaka unaowekwa kati ya "sisi" na "wao", ilhali mila zilizomo ndani ya mpaka huo zinaweza kubadilika. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba utamaduni unapotea, usikimbilie kumwita mbaguzi wala usimpe mhadhara (kosa letu kubwa sisi wasomi), bali mwombe ataje kitu kimoja kilichopotea. Akitaja, tuseme, lugha isiyosikika tena mtaani, ulizaneni ni nini kilichoiondoa: wageni waliohamia, kodi za nyumba zilizowafukuza wazee, au wazazi wenyewe walioacha kuizungumza na watoto wao.