Taa iliyozidi: kumwandika shujaa mwenye usonji katika hadithi ya maajabu ya ziwani

Kabla ya sura ya kwanza, jaza ukurasa mmoja wa daftari: sauti gani inamuumiza shujaa wako, ipi inamtuliza, mikono yake hufanya nini akifurahi, jambo gani anaweza kulizungumza kutwa, na akizidiwa inakuwaje. Si lazima awe bingwa wa hesabu. Huyo ameshaandikwa mno. Neno lenyewe, usonji (kwa Kiingereza autism, namna tofauti ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo), linaweza kungoja hadi sura ya tatu, mama yake alitaje kama anavyotaja chumvi.

Kisha acha lile analolipenda lifungue mlango wa hadithi. Tuseme shujaa wako ni Kabula wa Kirumba, mtaa wa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, naye hupenda taa za wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza, mitumbwi inapotoka, hukaa juu ya jabali akazihesabu. Leo ni arobaini na moja badala ya arobaini, na hiyo moja haiyumbi na mawimbi kama wenzake. Wengine wanaona taa tu. Safari imeanza, na hujatumia uchawi wowote bado.

Uchawi uwe wa ile taa, usiwe wa usonji wake. Kanda ya Ziwa mtoto wa namna hii bado huambiwa amerogwa au ana mapepo. Ukiandika kwamba jini ndiye aliyemfanya hivyo, umemrudishia msomaji maneno anayoyasikia nyumbani. Kwa sababu hiyohiyo, asipone ukurasa wa mwisho. Arudi nyumbani akiwa Kabula.

Kila kipaji kilipiwe. Ili afike kwenye mtumbwi lazima apite mwaloni, pale mitumbwi inapofikia na samaki kuuzwa, na hapo waandishi wengi huteleza kwa kuandika "kelele zilimsumbua". Sogea karibu:

"Injini ilinguruma ndani ya meno yake. Mpagazi alipiga mluzi, harufu ya dagaa ikapanda, jua likawaka kwenye kila bati. Kabula akajifunika kanga kichwani, akaanza kurudia tangazo la kivuko, neno kwa neno."

Kurudia huko ni kamba anayojishikia. Usimpe rafiki wa kumkataza.

Akizidiwa kabisa, hiyo si deko. Mtoto anayedeka hunyamaza akipewa pipi. Aliyezidiwa pipi haimfikii, anataka giza, ukimya na muda. Mpe nusu sura ya kupumzika. Adui akimkuta humo tumboni mwa mtumbwi, chini ya turubai, hofu itapanda bila mtu kukimbia.

Mazungumzo ndiyo raha yenyewe, maana Kiswahili kimejaa mafumbo. Tuseme ile taa ni ya jini: akisema "nipe mkono", Kabula aulize upi, na atarudishiwa lini. Atakayebadilika awe jini: kufikia sura ya saba aseme wazi, "Nisaidie kusukuma mtumbwi."

Kwa wasomaji wa miaka 8 hadi 11, sura ya maneno 800 hadi 1,000 inatosha. Rasimu wasomewe watoto wenye usonji wenyewe, wakiwamo wasiozungumza: weka kadi mbili za picha, "endelea" na "rudia", uangalie wanagusa ipi na wapi. Mahali wanapoondoka, kata.