Kuandaa kesi ya ardhi kwa msaada wa akili unde: utaratibu ninaoufuata Malindi

Ofisi yangu iko Malindi, na kesi nyingi zinazoingia mlangoni ni za ardhi. Mara nyingi anayekuja ni mtu aliyezaliwa shambani, akazika wazazi wake pale pale, kisha siku moja akaletewa barua kwamba shamba lina mwenyewe na mwenyewe ana hati. Mzizi wa migogoro hii ni wa zamani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa Pwani wajitokeze kudai ardhi zao, na ambayo haikudaiwa ikahesabiwa ya serikali.

Kwa hiyo wengi wetu tunafungua madai chini ya vifungu vya 7 na 38 vya Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, sheria inayoweka muda wa kufungua kesi. Aliyekalia ardhi ya mwingine kwa miaka 12, waziwazi na bila idhini ya mwenyewe, anaweza kuiomba mahakama imwandikishe yeye. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa, ikiketi hapa hapa Malindi, iliulizwa kama jambo hilo linapatana na Katiba ya 2010, ikasema linapatana.

Kwenye kesi hizi natumia programu za akili unde. Kazi ya siku mbili inakwisha asubuhi moja. Lakini nusura ziniharibie kesi kwa neno moja tu, na ndiyo sababu ya mwongozo huu. Nawaandikia mawakili wachanga, makarani na wasaidizi wa kisheria.

Hatua ya 1: Msikilize mteja na umrekodi

Mwombe ruhusa kwanza, na ruhusa yenyewe iingie kwenye rekodi. Weka simu mezani, usiishike mkononi kama mwandishi wa habari. Wazee hubana maneno wakiona simu imewaelekea mdomoni. Mwache aeleze anavyotaka. Akitaja msimu badala ya mwaka, muulize palepale: mvua ile ya El Niño ya 1997, au ile nyingine? Mikorosho ilikuwa imeshaanza kuzaa? Mtoto gani alikuwa amezaliwa?

Mazungumzo ya Kiswahili programu hugeuza kuwa maandishi vizuri kiasi. Mteja akiingia kwenye Kigiriama, usiitegemee. Keti na karani anayekijua, muandike kwa mkono.

Hatua ya 2: Ondoa utambulisho

Kabla maandishi hayajaingia kwenye programu yoyote, futa majina, nambari za vitambulisho, nambari za simu na nambari ya shamba. Andika "Mteja", "Jirani 1", "Shamba". Orodha ya nani ni nani ibaki kwenye daftari la ofisini. Mteja alikuambia siri zake wewe wakili, na kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinazilinda. Ukizimwaga kwenye kompyuta za kampuni ya mbali umemsaliti. Ipo pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hapa sina mjadala. Karani wangu akiruka hatua hii, faili inarudi mwanzo.

Hatua ya 3: Panga matukio kwa miaka

Hili ndilo agizo ninaloipa programu, neno kwa neno:

"Panga maelezo haya kwa mfuatano wa miaka. Usiongeze neno ambalo halimo. Kando ya kila tukio andika dakika ya rekodi lilipotajwa. Pasipo na mwaka, andika: mwaka haukutajwa. Pasipotajwa aliyetenda, andika: hakutajwa."

Sentensi ya mwisho niliiongeza baada ya mkasa wa mzee mmoja wa upande wa Kakuyuni. Kwenye rekodi alisema, "Tulipofika walinikaribisha, nikajenga." Nilikuwa nimeiomba programu ifanye muhtasari kwa Kiingereza, maana hati za mahakama yetu ya ardhi huandikwa kwa Kiingereza. Muhtasari ukaja umepangika, unapendeza, na ndani yake umeandikwa kwamba wenye shamba walimruhusu kujenga.

Tazama kilichotokea. Kwa Kiswahili "walinikaribisha" haisemi ni nani. Mashine ikaona pengo, ikalijaza kwa jibu lililoelekea kuwa kweli. Na jibu hilo ndilo linaloua dai, kwa sababu aliyeingia kwa ruhusa ya mwenye ardhi ni mgeni wake, na miaka ya ugeni haihesabiwi hata ikifika 50. Lau ningetia sentensi ile kwenye hati ya kiapo, mzee angekuwa ameapa dhidi ya nafsi yake, kwa lugha asiyoisoma.

Nikampigia simu. "Babu, waliokukaribisha ni akina nani?"

"Majirani, mwanangu. Walinipa maji na sehemu ya kulala hadi nyumba ikaisha. Mwenye shamba hata sura simjui."

Kwa hiyo baada ya programu kupanga matukio, rudi kwenye rekodi usikilize kila dakika iliyotajwa. Yatafute hasa maneno haya: kukaribishwa, kupewa, kuazimwa, kuachiwa, kulindishwa shamba. Kila moja lina uzito wake mahakamani, na kila moja laweza kugeuka likipita kwenye tafsiri. Ikiwa mteja kweli aliruhusiwa na mwenyewe, mwambie ukweli siku hiyo hiyo. Si kazi yako kulitafutia neno lake maana nyingine.

Hatua ya 4: Picha za setilaiti

Fungua Google Earth kwenye kompyuta, nenda kwenye shamba, kisha fungua picha za miaka iliyopita na uzisogeze nyuma moja moja. Ni ushahidi mzuri sana, kwa kuwa setilaiti haina undugu na yeyote. Lakini jua unachokitazama. Paa la mabati linang'aa, hulikosi. Paa la makuti chini ya mikorosho halionekani kabisa, na wakili wa upande wa pili atasema hapakuwa na nyumba. Tafuta dalili nyingine: kiwanja kilichofagiliwa, ambacho huonekana kama doa jeupe, njia ya miguu inayoelekea kisimani, mistari ya minazi iliyopandwa kwa mkono. Nenda shambani na mteja, akuonyeshe kila alama pale ilipo.

Hifadhi picha ikiwa na tarehe yake. Kisha aliyeitoa kwenye kompyuta atie saini cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, aeleze alitumia kifaa gani na alifanyaje. Bila cheti hicho, picha yako itapingwa kabla haijatazamwa.

Hatua ya 5: Tafuta hukumu, na uisome kila moja

Programu hizi zikikosa hukumu, huitunga. Mwezi wa Juni 2023 huko New York, mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza ChatGPT yenyewe kama kesi mojawapo ni ya kweli, nayo ikamjibu kuwa ni ya kweli. Januari 2025 ikawa Pietermaritzburg, Afrika Kusini: kati ya hukumu 9 zilizotajwa na mawakili, 2 tu ndizo zilizopatikana.

Mimi siiombi hukumu. Naiomba maneno ya kutafutia, kisha natafuta mwenyewe kwenye Kenya Law, tovuti inayochapisha hukumu na sheria za Kenya, ambayo ni ya bure. Herufi za nukuu zikague: KEELC ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, KECA ni Mahakama ya Rufaa, na hukumu za zamani zimeandikwa eKLR. Ukitajiwa uamuzi wa Rufaa wenye herufi za mahakama nyingine, simama hapo.

Uwe macho pia na sheria za ng'ambo. Niliwahi kujibiwa kwamba muda ni miaka 10 na kwamba mwenye ardhi lazima apewe notisi kwanza. Hiyo ni sheria ya Uingereza ya 2002. Hapa ni 12. Na ardhi ya umma haidaiwi hivi hata ukiikalia karne. Kifungu cha 41 cha Sura ya 22 kimeifungia mlango. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi mapema, usije ukaandaa faili zima ndipo ujue shamba ni la serikali.

Hatua ya 6: Andika, kisha msomee

Madai haya hufunguliwa kwa hati ya mwito (originating summons) chini ya Agizo la 37 (Order 37) la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, pamoja na hati ya kiapo iliyoambatanishwa nakala ya rejista ya ardhi iliyothibitishwa. Programu yaweza kukusaidia kunyoosha Kiingereza. Isikuandikie tukio lolote ambalo halina dakika ya rekodi au karatasi nyuma yake.

Kisha msomee mteja kiapo chote kwa lugha anayoisikia vizuri, polepole, aya kwa aya. Yule mzee wa Kakuyuni alinisimamisha mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa juu ya idadi ya minazi: niliandika 40, akasema 4 ilianguka mwaka jana. Nikarekebisha, ndipo akaweka dole gumba.

Hatua ya 7: Faili mtandaoni

Tangu Machi 2024 mfumo wa kufaili mtandaoni umeenea mahakama zote nchini. Unganisha vielelezo kuwa faili moja, tia nambari kila ukurasa, lipa ada, na usifunge ukurasa kabla nambari ya kesi haijatoka. Kisha chapisha nakala moja umpe mteja. Yeye hana baruapepe, na chifu au jirani akimuuliza mambo ya shamba yamefika wapi, awe na karatasi ya kumwonyesha.